Mtoto Aliyevua Kofia

Hamjambo jioni hii. Mlio nyuma sogeeni mbele kidogo, maana katuni ya Kijapani nitakayoanza nayo ni fupi sana na sitaki mtu aikose.

Tazameni ukutani.

Imekwisha. Nairudia.

Imekwisha tena. Nani ameiona kofia? Mmoja. Wawili. Basi nairudia mara ya tatu, na safari hii nitaisimamisha picha moja baada ya nyingine, twende nayo polepole.

Huyu ni mtoto wa kiume. Amevaa sare ya kibaharia, ile ya kola pana, na kichwani ana kofia. Ametupa mgongo. Mkono wake unaandika ukutani herufi nne za Kijapani: katsudo shashin. Maana yake ni picha zinazotembea, na ndivyo Wajapani walivyokuwa wakiiita sinema siku zile. Akimaliza anageuka, anatutazama, anavua kofia, anainama. Ni hayo tu. Jumla ni picha 50 kwenye utepe wa milimita 35. Ukiziendesha picha 16 kwa sekunde, zinakwisha kwa sekunde tatu na kitu.

Angalieni rangi. Kuna nyekundu na nyeusi, basi. Na hapa hakuna kamera iliyotumika. Mtu alikata umbo la mtoto, akalilaza juu ya utepe, akapaka wino. Akasogea picha ya pili, akapaka tena. Hivyo hivyo mpaka ya 50. Wenzetu mnaochapa fulana kwa stensili mnaijua kazi hii, ila nyinyi mnachapa kifuani pa mtu mzima na huyu alichapa kwenye kipande kidogo kuliko stempu ya barua. Ndiyo maana mtoto hatulii. Mstari wa bega hauangukii palepale mara mbili.

Utepe huu uliibuka mjini Kyoto, Japani, mwishoni mwa 2004. Muuzaji wa vitu vikuukuu alipata shehena kutoka kwenye nyumba ya familia moja ya zamani, akamwita Natsuki Matsumoto, mtaalamu wa picha kutoka Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, aje aone kama kuna cha maana. Ndani mlikuwa na projekta tatu, filamu 11, na vioo 13 vya taa ya kuonyeshea picha. Kati ya filamu hizo alikuwemo huyu mtoto. Mwaka uliofuata habari zikatangazwa. Kwa kutazama aina ya utepe na aina ya projekta, wataalamu wakakadiria kwamba ulichapwa kabla ya 1912. Aliyeuchapa hajulikani jina. Huenda hii ndiyo katuni ya kwanza ya Japani tuliyonayo.

Niwaambie kitu kimoja kuhusu utepe huu ambacho kimenifanya nikubali kuzungumza leo. Mwanzo wake na mwisho wake vilikuwa vimeunganishwa. Ulikuwa duara. Ulitengenezwa uzungushwe kwenye projekta ndogo ya nyumbani kwa kutumia mkono, na mtoto aandike, avue kofia, ainame, aandike tena, avue tena, mpaka mzungushaji achoke au aitwe kula. Kilikuwa kitu cha kuchezea. Hakuna aliyekiweka kwenye kabati la chuma, hakuna aliyekiandika kwenye daftari la taifa, na ndicho kilichobaki.

Mlioona tangazo la mhadhara huu mliona nimeandika kwamba nitazungumzia katuni za Japani zilizotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya burudani, zikapotea, na nyingine zikapatikana. Sasa niwapeleke kwenye uwanja wenyewe.

Tokyo kuna eneo linaitwa Asakusa. Liko jirani na hekalu kubwa, na kama ilivyo kila mahali penye watu wengi wa kusali, pembeni pakaota biashara ya kufurahisha watu. Mwaka 1853 ilifunguliwa pale bustani ya maua iitwayo Hanayashiki, ambayo baadaye ikawa uwanja wa michezo na mabembea, na mpaka leo ipo. Mwaka 1890 ukajengwa mnara wa ghorofa 12, Ryounkaku, wenye lifti ya umeme. Mwaka 1903 likafunguliwa Denkikan, jumba la kwanza Japani lililowekwa kwa ajili ya sinema peke yake. Ukitoka kwenye sinema unakutana na wacheza sarakasi, unanunua kitu cha kutafuna, unaingia sinema nyingine. Anayejua uwanja wa Mnazi Mmoja wa sikukuu ya Idi, ule wa mabembea na viazi karai, auchukue ule, auzidishe mara mia, aufanye uwe kila siku ya mwaka.

Huko ndiko katuni za kwanza za Japani za majumba ya sinema zilikoonyeshwa mwaka 1917. Mwaka huo watu watatu, kila mmoja na kampuni yake, walikuwa wakishindana kuzitengeneza. Oten Shimokawa alianza kwa chaki ubaoni: anachora, inapigwa picha, anafuta kidogo, anachora tena. Kisha akahamia kwenye karatasi, akawa anainamia mwanga mkali wa taa ili aone mchoro wa chini, mpaka macho yakamharibikia na kazi akaiacha. Seitaro Kitayama alikuwa mchoraji wa rangi aliyejifunza kwa kuzitazama katuni za kigeni na kuzichambua. Na Junichi Kouchi, mchora vibonzo wa magazeti, yeye alikata watu wa karatasi na kuwasogeza viungo.

Kati ya filamu zote za Shimokawa, leo haipo hata moja. Hata sekunde tatu hazipo. Mtu aliyetoa macho yake kwa kazi ile, tunajua majina ya filamu zake kutoka kwenye magazeti tu.

Zilikwenda wapi? Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, ardhi ya Tokyo na Yokohama ilitikisika. Ilikuwa saa ya kupika. Majiko yalikuwa yanawaka kwenye nyumba za mbao, upepo ulikuwa mkali, na moto ukala mji kwa siku mbili. Walikufa watu zaidi ya 100,000. Mnara wa Ryounkaku ulikatika ghorofa za juu, kilichobaki kikabomolewa na wanajeshi. Asakusa iliungua na majumba yake ya sinema. Mbele ya vifo vile naona haya kuzungumzia mikanda, lakini ndiyo kazi yangu, kwa hiyo naisema: mikanda iliyokuwa kwenye majumba yale ilikuwa ni kuni.

Nasema kuni nikimaanisha hivyo. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitreti ya selulosi, jamaa wa karibu kabisa wa baruti. Ikishawaka, moto wake unajitengenezea hewa wenyewe; ukiizamisha ndani ya maji inaendelea kuwaka. Na isipowaka, inaoza. Kwanza picha inafifia, kisha utepe unanata, unavimba, mwishoni unabaki unga wa kahawia ndani ya kopo. Hata hapo hatujamgusa binadamu. Binadamu alipomaliza kuionyesha filamu mpaka ikakwaruzika, aliiona kama taka, au aliiuza ikachemshwa kutolewa madini ya fedha yaliyomo kwenye picha. Baada ya tetemeko ikaja vita, na mabomu ya moto ya mwaka 1945. Hesabu mwenyewe kinachoweza kupona.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2008 iliwashtua watu. Miaka 91 ilikuwa imepita.

Yule yule Matsumoto alikuwa amekuta, kwenye soko la vitu vya kale mjini Osaka, filamu ambayo kila kitabu kiliiandika kuwa imepotea: Namakura Gatana ya Kouchi, iliyoonyeshwa Asakusa mwishoni mwa Juni 1917. Jina lake maana yake ni upanga butu. Ni kichekesho cha dakika chache. Samurai mmoja mjinga ananunua upanga, anauangalia, anajiona mwanamume. Anatafuta mtu wa kuujaribia njiani. Anamnyemelea kipofu mkandaji, kipofu anamwangusha. Anamvizia tarishi, naye anamshinda. Upanga umejikunja. Basi.

Itazameni sura yake anapoukagua ule upanga. Macho yanazunguka, nyusi zinapanda, mdomo unajikaza. Huyu ni mtu wa karatasi, aliyesogezwa kwa vidole, mwaka 1917, na bado watu humu ukumbini mmecheka sasa hivi. Sikuwatafsiria neno. Kouchi alikuwa anamjua mtu mwenye majivuno, na mtu mwenye majivuno hapitwi na wakati.

Nakala ile ilikuwa na mapengo. Miaka iliyofuata kikapatikana kipande kingine, mahali pengine, na mafundi wakaviunganisha viwili hivyo kupata filamu ndefu kuliko iliyojulikana. Mwaka 2017, katuni ya Japani ilipotimiza miaka 100, hifadhi ya taifa ya filamu ya Tokyo ikaiweka kwenye intaneti pamoja na nyingine nyingi za zamani, kila mtu azione bure. Hiyo mliyocheka nayo ndiyo hiyo.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa habari ile, ambao huwa hausimuliwi. Pamoja na Namakura Gatana ilipatikana filamu ya Urashima Taro, na ikatangazwa kuwa ni ile ya Kitayama ya mwaka 1918. Furaha ikawa mara mbili. Hadithi yenyewe kila mtoto wa Kijapani anaijua. Mvuvi anamwokoa kasa, kasa anambeba mgongoni hadi kwenye jumba la chini ya bahari, anakaa huko siku chache kwa raha, kisha anatamani nyumbani. Binti mfalme anampa kisanduku na kumwambia asikifungue. Anarudi kijijini, hamjui mtu na hakuna anayemjua, kumbe juu ya ardhi vimepita vizazi na vizazi. Kwa uchungu anakifungua kisanduku. Unatoka moshi, na papo hapo anakuwa mzee wa mvi.

Watafiti waliendelea kuikagua. Walilinganisha picha zake na kumbukumbu zilizochapishwa enzi za Kitayama, na havikuoana. Ikabidi wakubali: ni Urashima Taro, ni ya zamani, lakini ya mtu mwingine. Ile ya Kitayama imerudi kwenye orodha ya zilizopotea. Filamu ile imepotea mara mbili. Mimi nawaheshimu sana wale watafiti. Ni rahisi kuokota kitu. Kusimama miaka baadaye na kusema "tulikosea, sicho" kunahitaji moyo mwingine.

Na hadithi ya kisanduku nimeisimulia kwa makusudi. Kila anayefungua kopo la filamu ya miaka 90 anaogopa moshi ule.

Swali ambalo limenikaa kichwani kwa miaka ni hili: kwa nini vitu hivi vinaibukia masokoni na kwenye nyumba za watu? Kwa nini haviibukii kwenye kampuni zilizovitengeneza? Jibu liko kwenye biashara moja ndogo ambayo ningependa muiweke akilini.

Kati ya miaka ya 1920 na 1930 Japani kulikuwa na filamu za kuchezea. Filamu ikishamaliza mzunguko wake majumbani, ikiwa imechoka, nakala ilikatwa vipande. Sekunde 20 hapa, dakika moja pale. Pigano la panga, mtu akianguka mtoni, kipande cha katuni. Kila kipande kilitiwa kwenye kiboksi cha karatasi na kuuzwa kwenye maduka makubwa na ya michezo ya watoto, pamoja na projekta ya bati yenye mkono wa kuzungusha. Baba ananunua, mtoto anatundika shuka, watoto wa jirani wanakaa sakafuni. Kyoto leo kuna jumba la makumbusho la filamu hizi, lililofunguliwa mwaka 2015 na Yoneo Ota, mwalimu aliyetumia miaka mingi kuvikusanya viboksi hivyo na kuvirekebisha. Kuna filamu nzima za enzi ya bubu ambazo leo tunajua zilivyoonekana kwa sababu ya kiboksi kimoja cha mtoto mmoja.

Ukifikiri juu yake inauma. Aliyekata filamu ile vipande aliiharibu. Tukimkuta leo tungemfukuza. Na yeye huyo huyo ndiye aliyeisambaza. Aliitoa kwenye ghala moja lililokuwa linasubiri moto, akaipeleka kwenye nyumba elfu, na moto hauwezi kufika nyumba elfu zote. Siifurahii njia hiyo, lakini siwezi kuikana.

Kilichokuwa na nyumba moja, nyumba ikiungua, kimekwisha. Nimelitazama jambo hili kila upande na sijapata jibu jingine.

Mtu ataniuliza, na Momotaro je? Swali la haki. Momotaro ni katuni ndefu ya kwanza ya Japani, dakika 74, iliyoongozwa na Mitsuyo Seo kwa fedha za wizara ya jeshi la majini na kuonyeshwa Aprili 1945, miezi minne kabla ya vita kwisha. Baada ya vita ikaaminika kwamba imeteketezwa. Mwaka 1983 ikapatikana kwenye ghala la Shochiku, kampuni iliyoitengeneza. Kwa hiyo ndiyo, ghala nalo huokoa. Miaka 38 makopo yalikuwa nyumbani kwao na watu wakisema yamechomwa. Nafikiri kuna jambo la aibu pia. Filamu ile ni ya propaganda. Wanyama wazuri wenye macho ya upole ni askari wa himaya, wanatua kwenye visiwa vya kusini, wanawafundisha wanyama wa huko herufi za Kijapani kwa wimbo: a, i, u, e, o. Imechorwa kwa ustadi wa hali ya juu, na ni uongo juu ya watu waliotawaliwa kwa mabavu. Sisi tuliofundishwa herufi na watawala tunaielewa ile shule ya msituni bila kuelezwa.

Lakini nisikilizeni. Aprili ile ya 1945, ndani ya ukumbi mmoja wa Osaka, aliketi kijana wa miaka 16. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, kwa kuwa watoto walikuwa wamehamishiwa vijijini kukwepa mabomu. Aliitazama filamu ile akalia, na akajiapiza kwamba siku moja atatengeneza katuni. Aliitwa Osamu Tezuka. Miaka 20 baadaye alitoa katuni ya televisheni juu ya simba mweupe wa misitu ya Afrika, na ndani yake wanyama wanaimba a, i, u, e, o. Filamu ilikuwa imepotea. Wimbo ulikuwa umejificha ndani ya kichwa cha mtoto, ukatokea Afrika ya kuchorwa. Ilipopatikana mwaka 1983, ndipo watu wakaweza kuona alikoutoa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna soko litakalokirudisha. Filamu hizi za 1917 hazikuwa kimya. Kando ya pazia alisimama msimuliaji, benshi, akitoa sauti za wahusika wote, akieleza, akichekesha, akiongeza yake. Watu walikwenda kumsikiliza fulani kuliko kuona filamu fulani. Aliyekulia kwenye vibanda vya video akimsikiliza Lufufu, au anayemjua DJ Afro wa Kenya, hahitaji maelezo zaidi. Sasa fikirini ipatikane mikanda yote ya filamu za Kichina zilizosimuliwa na Lufufu, ila sauti yake haimo. Tungesema imepatikana? Mimi ningesema imepatikana nusu. Huyu samurai wa upanga butu alikuwa na sauti, na hatutaisikia.

Nirudi sasa kwenye uwanja wa burudani, maana huko ndiko hatari ilikohamia.

Filamu ya uwanja wa michezo wa siku hizi inatengenezwa kwa ajili ya chumba kimoja. Fuji-Q Highland, chini ya mlima Fuji, palikuwa na mchezo wa Gundam, ile katuni ya maroboti ya kivita, ulioanza mwaka 2000: unakaa kwenye kiti, unafungwa mkanda, pazia linawaka, kiti kinatikisika na kuinama kulingana na chombo unachokiona kikirushwa angani. Mwaka 2007 ulifungwa. Nagoya mwaka 2005, maonyesho ya dunia yalipokuwa yakifanyika jirani, ilijengwa bustani ya muda ya Pokémon, ile katuni ya wanyama wa kubuni, na ndani yake watoto walivaa miwani wakaona filamu ya kompyuta ya kumtafuta mmoja wa wanyama hao, Mew. Bustani ilifunguliwa Machi, ikafungwa Septemba. Mitambo mingine ikapakiwa kwenye meli ikaenda Taiwan.

Sasa ziangalieni filamu za namna hii kwa macho ya mtu wa 1923. Haziuzwi dukani. Hazirushwi kwenye televisheni. Zimefungwa kwenye mitambo ya kiti na miwani, kwa hiyo ukiitoa filamu chumbani mwake inakuwa nusu ya kitu. Mgeni haruhusiwi kupiga picha ndani. Haki ni za kampuni tatu au nne, na mkataba wa kiwanja ukiisha, hakuna mwenye sababu ya kulipia rafu ya kuiweka. Hakuna kiboksi cha karatasi. Hakuna mtoto aliyerudi nayo nyumbani. Wapo vijana Japani na nje ya Japani wanaotafuta filamu za aina hii usiku na mchana, wanauliza waliokuwa wafanyakazi, wananunua makasha ya mikanda bila kujua kilichomo, wanaunganisha video za simu zilizotetemeka. Kuna watu wanaowacheka. Mtu mzima na kazi yake anatafuta katuni ya dakika kumi aliyoiona akiwa na miaka saba! Mimi siwacheki. Matsumoto naye alihangaikia sekunde tatu.

Sikusoma haya chuoni. Kazi yangu ni kuhamisha mikanda ya watu kwenda kwenye kompyuta: arusi, ubatizo, maulidi, mahafali. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mkanda wa arusi yake wa VHS. Nikauchezesha mpaka mwisho kama ninavyofanya siku zote. Bibi arusi akaondoka, picha ikakatika, chenga chenga, kisha ghafla ikatokea sebule. Mtu alikuwa amerekodi juu ya arusi ya mwingine, na huo ulikuwa mkia wa kilichofutwa. Watoto watatu wamekaa mkekani, televisheni ndogo inaonyesha katuni, na mkubwa wao anawasimulia wenzake kwa sauti, anawatungia maneno ya wahusika, maana katuni yenyewe ilikuwa kwa lugha wasiyoijua. Dakika mbili hazikutimia. Nikampigia yule mama. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo takataka ya mwisho kata tu, mimi nataka arusi." Nikamwomba aje aitazame kwanza. Akaja. Yule mkubwa alikuwa mdogo wake, marehemu. Alikuwa hana sauti yake popote.

Akakaa pale kwenye kigoda changu, akaniambia, rudisha. Nikarudisha. Rudisha. Jioni ile hatukufanya kazi nyingine.

Basi, wale mliokuja na mikanda yenu, nimeona mifuko kadhaa. Meza iko pale karibu na mlango. Kama ni kaseti, msiijaribu kwenye deki ya nyumbani kabla sijaitazama. Deki chafu inatafuna utepe kwa mara moja tu na haurudi. Kama ni kopo la filamu na ukilifungua linanuka siki, lifunge, usilianike juani, niachie. Na kama kuna mwenye kopo la zamani zaidi ya hapo, la enzi za babu, ambalo ndani limeanza kunata au lina unga wa kahawia, huyo asilifungue humu ukumbini hata kidogo. Aniambie, twende nalo nje taratibu, mbali na jiko la chai.

Tuanze maswali. Naona mkono kule. Ndiyo, dada, karibu.